Mafundi wa matairi, acheni kutuambia tairi lenye nundu "halina shida, tembea nalo tu"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha.

Gari nililipeleka kubalansiwa magurudumu kwa sababu usukani ulikuwa unatetemeka. Nikaambiwa tayari, nikalipa, nikaondoka. Mtetemo uko palepale. Nikainama na tochi nyuma ya gurudumu la mbele kushoto, nikakuta nundu ubavuni, upande wa ndani usioonekana ukiwa umesimama, kubwa kama nusu ya yai. Pembezoni mwa ringi bado kuna utelezi wa sabuni ya kufungia tairi. Na namba za wiki na mwaka wa kutengenezwa, ambazo zilikuwa zinasomeka kwa nje, sasa zinaangalia chini ya gari. Yaani wameona uvimbe, wakalivua tairi, wakaligeuza ili ubavu mbovu ujifiche ndani, wakalifunga tena na kunikabidhi funguo.

Nimewarudia kuuliza. Jibu: "Huo ni upepo tu umejikusanya, tembea nalo halina shida."

Ndiyo, ni upepo. Shida yenyewe ndiyo hiyo!

Matairi ya gari dogo siku hizi karibu yote ni radial, yaani nyuzi zake zinakatiza kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ndani ya ubavu kuna nyuzi, mara nyingi za poliesta, zinazotoka ukingo mmoja wa ringi, zinapita chini ya kashata (ile sehemu nene inayokanyaga barabara), zinashuka hadi ukingo wa pili. Hizo ndizo zinazozuia msukumo wa upepo. Mikanda ya waya wa chuma ipo chini ya kashata, haifiki ubavuni. Kwa hiyo ubavuni ukiondoa nyuzi unabaki na mpira mtupu, na mpira kazi yake ni kuvutika. Gari likiingia shimoni kwa kasi, au likipanda ukingo wa barabara vibaya, ubavu unabanwa kati ya ukingo wa ringi na ukingo wa shimo. Nyuzi zinakatika, mpira wa nje unabaki mzima bila hata mchubuko. Kisha upepo wa psi 32 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) unasukuma usiku na mchana pale palipokosa nyuzi, na mpira unatoka nje. Wakati mwingine unatoka palepale, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye, ndiyo maana watu wanaapa kwamba hawajagonga chochote na muuzaji anaapa kwamba wamegonga.

Sasa chukua tairi la 205/55 R16, yaani upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, ringi inchi 16. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa linazunguka takriban mara 14 kila sekunde. Kila mzunguko ile nundu inakunjwa na kukunjuka, inapata joto, na nyuzi za jirani zinabeba mzigo wa zile zilizokufa. Hakuna fundi duniani anayeweza kukuambia litapasuka lini. Anayekuambia "litakufikisha" anabahatisha kwa roho yako na za abiria wako.

Na hizi tiba zao ndizo zinazonichefua kabisa. Wa kwanza anakuwekea tyubu. Tyubu inashika upepo usivuje, lakini haina nguvu ya kubeba chochote. Msukumo ni uleule na unaelekea palepale. Wa pili anakupunguzia upepo hadi nundu inywee, anakuonyesha, anakwambia imepona. Tairi lenye upepo pungufu linakunjika zaidi, linachemka zaidi, na shimo linalofuata litalibana kirahisi kuliko mwanzo. Wa tatu anabandika kiraka kwa ndani, wakati kiraka ni cha tundu dogo la msumari kwenye kashata. Nyuzi zilizokatika ubavuni haziungwi na kiraka.

Wa nne ndiye hatari kuliko wote, na ndiye anayeonekana mwenye busara: "Peleka nyuma, mbele ndiko kwenye usukani." Tairi la mbele likipasuka, gari linavuta upande mmoja na angalau usukani unakupa la kufanya. La nyuma likipasuka kwenye mwendo, mkia ndio unaotoka, na dereva wa kawaida hana namna ya kuurudisha. Tairi lenye nundu halina nafasi nyuma, wala mbele, wala kwenye buti likisubiri kuwa spea. Ni la kutupa, tena likatwe ubavu kabisa ili asije mtu akaliokota na kuliuza.

Maana na wauza matairi ya mtumba nao wamo. Tairi likiwa halijafungwa kwenye ringi, nundu haionekani! Hakuna upepo wa kuisukuma. Linawekwa rangi nyeusi, linang'aa, kashata zimejaa, unalibeba nyumbani. Ukilazimika kununua, tia mkono na tochi kwa ndani, pitisha vidole ubavu mzima ukitafuta mkunjo, mpasuko au mstari kama wa kitu kilichobanwa. Kisha lifungwe na kujazwa upepo mbele ya macho yako, uangalie pande zote mbili kabla hujatoa hela. Muuzaji akigoma, ondoka.

Nisije nikawatia watu hofu isiyo na sababu: si kila alama ubavuni ni ugonjwa. Kuna mstari uliobonyea kuingia ndani, unaoanzia usawa wa ringi kuelekea kashata. Hapo ndipo kitambaa cha nyuzi kilipopandana kiwandani, na pana nguvu kuliko pengine. Kilichobonyea ndani namna hiyo kiache. Kilichotoka nje ndicho cha kukimbia.

Nundu ya kwenye kashata ni habari nyingine na sababu zake ni nyingine: mikanda ya chuma inaachana na mpira. Joto, upepo mdogo, mzigo uliozidi, uzee, au tundu la msumari lililoachwa bila kuzibwa, maji yakaingia na waya zikashika kutu. Dalili yake ni mtetemo au mgoto unaofuata mwendo wa gari. Msidhani ni jambo dogo. Agosti 2000 kampuni ya matairi ya Firestone iliyaita matairi yapatayo milioni 6.5 yarudishwe nchini Marekani kwa sababu kashata zilikuwa zinabanduka yakiwa barabarani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, na watu wakafa. Kwa hiyo fundi akisikia mtetemo na kukimbilia kubandika vile vipande vya risasi vya kubalansi kwenye ringi bila kupapasa tairi, hajafanya kazi.

Kuzuia kunawezekana kwa sehemu kubwa, ila hakuna anayetuambia. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kifuniko cha mafuta. Ile namba ya psi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si kipimo cha gari lako, na mafundi wangapi wanajaza kwa kuangalia hiyo! Mzigo nao una kikomo: kwa mfano, 91 ikiandikwa baada ya saizi maana yake tairi moja libebe kilo 615 na si zaidi. Na ninyi mnaobadilisha ringi ili gari lipendeze: 205/55 ina ubavu wa milimita 113 hivi, 225/40 ina milimita 90. Mmepunguza kinga kati ya ringi na shimo, halafu mnashangaa nundu.

Shimoni, funga breki kabla hujalifikia, kisha achia. Ukiingia breki zikiwa zimeshikwa, uzito wote umelalia mbele na ndipo ubavu unapobanwa vibaya. Na taa ya dashibodi ya upepo wa matairi isikudanganye. Yenyewe inaona upepo uliopungua, uvimbe haiuoni.

Gari likiwa juu ya jeki kwa sababu yoyote ile, papasa upande wa ndani wa kila tairi. Hata kama umetoka kwa fundi leo. Hasa kama umetoka kwa fundi leo.

Najua humu kuna mafundi. Sitaki mtuambie wateja hatuna hela ya tairi jipya. Hiyo ni juu ya mteja kuamua akiwa ameshaambiwa ukweli, na kumfichia nundu upande wa ndani si kumsaidia. Ninachotaka ni fundi mmoja anayeweka tyubu kwenye tairi lenye nundu aje hapa atueleze: zile nyuzi zilizokatika, baada ya yeye kumaliza kazi yake, zinashikwa na nini?