Pilipili zangu Gede zina batobato lakini kipimo kimesema hakuna kitu, nifanyeje?

mkulima_gede
Salaam wadau. Nina robo eka ya pilipili kichaa hapa Gede, miche imeshika vizuri mpaka nikaanza kupigia hesabu pesa ambazo sijazishika, sasa wiki ya 7 mingine ina batobato ya kijani na manjano, mingine majani yamekua membamba kama ukuti, na mingine yamejikunja juu mche wenyewe umedumaa. Agroveti wakaniuzia dawa ya ukungu nimepiga mara 3, hola. Jamaa akaniletea kile kipimo cha kijiti cha CMV (kirusi cha batobato ya matango), kikatoa mstari mmoja tu. Kwa hivyo si virusi?

sabaki_juu
Pole ndugu. Chungulia chini ya majani machanga na lenzi kwanza, jani likijikunja kwenda chini na halina batobato huenda ni utitiri tu.

benchi_la_maabara
Mstari mmoja maana yake jani hilo halikuonyesha CMV, basi. Kijiti kimoja kinatafuta kirusi kimoja, na pilipili yaweza kubeba viwili vitatu kwa wakati mmoja: CMV na PVMV vinavyobebwa na vidukari, TSWV ya thripsi (vidudu vidogo vinavyofyonza majani), PMMoV ya mbegu na mikono, na vile vya inzi weupe. Dalili ulizotaja zinaingiliana, kwa macho hata mimi siwezi kuapa. Omba PCR (kipimo cha maabara cha vinasaba) ya virusi vingi kwa pamoja, kila kirusi kinawekewa praima zake, yaani vipande vifupi vya kukitafuta, kwenye tyubu moja halafu kwenye jeli kila kimoja kinatoka na mstari wa urefu wake. Ila waambie na inzi weupe, manake virusi vyao vingi vina vinasaba vya DNA na hao wengine wote ni RNA, usipotaja wanaweza kupima upande mmoja tu.

mama_kitalu
Na huyo anayekupalilia anatafuna tumbaku? 😅 Sichekeshi, kirusi cha tumbaku kinapita kwa vidole. Wangu huku Mpeketoni nawachovyesha mikono kwenye maziwa yasiyo na mafuta kabla ya kugusa miche.

mkulima_gede
Mama umenishika, yuko mzee mmoja hapa ugoro haumtoki mkononi!! Sasa sampuli naipelekaje, na kuna dawa nipige nikingoja?

benchi_la_maabara
Dawa ya kuponya virusi hakuna. Na kwa CMV hata dawa ya kuua vidukari haisaidii sana, kidukari anaambukiza kwa sekunde chache tu za kuonja jani, atakufa kazi ameshamaliza. Chuma majani machanga yenye dalili asubuhi, kila aina ya dalili mfuko wake, na mfuko mmoja wa majani ya mche usio na dalili wa kulinganisha. Funga na tishu kavu usiloweshe maji, weka kwenye kibaridi chenye barafu ila barafu isiguse jani, kwa joto la huku RNA inaharibika haraka. Ulizia KALRO (utafiti wa kilimo) Mtwapa au KEPHIS (ukaguzi wa afya ya mimea) Muguga, na piga simu kabla hujachuma wakwambie wanapima vipi na bei gani.

mkulima_gede
Shukran. Nang'oa ile iliyodumaa leo baada ya alasiri, kibaridi naazima kwa muuza samaki, akikubali.

sabaki_juu
Kioshe kwanza bwana 😂