Mzee anatibiwa tezi dume, majibu ya ini yamepanda. Naombeni ushauri

Mwana wa Lushoto
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za usiku.

Mzee wangu ana miaka 71. Saratani ya tezi dume iligundulika mwaka jana ikiwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Anachomwa Zoladex, sindano ya kushusha homoni ya kiume, tumboni kila baada ya miezi mitatu, na tangu mwezi wa kwanza anameza abirateroni, dawa ya hiyo saratani, vidonge vinne kwa siku pamoja na prednisoloni, kidonge cha steroidi. Ndugu watano tunachangishana kila mwezi kununua chupa moja ya vidonge 120.

Sasa nimeshika karatasi ya maabara hapa na usingizi hauji. ALT 243, AST 188, na pembeni wameandika mwisho wa kawaida ni 40. Mwezi wa kwanza ALT ilikuwa 27. Je, saratani imehamia kwenye ini? Na kuna kinywaji gani cha kusafisha ini wakati tunasubiri kliniki? Bado wiki tatu.

Dereva wa Noah
Kwa kichwa cha uzi nilidhani mtu anauliza bei ya maini buchani. Pole lakini mkuu.

Mama Wawili
Juisi ya rozela na papai lililoiva, asubuhi na jioni. Nyama nyekundu aache kabisa. Na wanaume wenzenu mliovuka 50 mkapime, mnaogopa nini?

Fundi Mchundo
Pole sana. Baba yangu mdogo naye aliugua hiyo kitu. Yeye alitolewa korodani kwa sababu sindano zilitushinda bei. Mwaka mzima hakuhudhuria msiba wala harusi, akidhani watu wanamjua kwa kumtazama tu. Kumbe kijijini hakuna aliyejua, mpaka siku alipotusimulia mwenyewe pale kwenye benchi la duka langu, analia mchana kweupe. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Mpe mzee nafasi ya kuongea, msishughulike na karatasi peke yake.

Nesi wa Zamu
Mwana wa Lushoto, ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya chembe za ini. Chembe zikijeruhiwa vinavuja kwenye damu, basi. Karatasi haikwambii nani kajeruhi. Inaweza kuwa dawa yenyewe, na abirateroni inajulikana kwa hilo, ndiyo maana miezi mitatu ya mwanzo ini hupimwa kila wiki mbili. Inaweza kuwa homa ya ini B. Inaweza kuwa kitu kingine anachomeza. Nijibu matatu: daktari ameyaona majibu haya? Vidonge anavimeza saa ngapi, kabla au baada ya kula? Na kuna dawa nyingine yoyote, ya dukani au ya asili?

Mwana wa Lushoto
Daktari bado, nilimpimisha maabara ya mtaani. Vidonge anameza asubuhi na chai ya maziwa na chapati. Mke wangu anahakikisha ameshiba kwanza, maana dawa kali haimezwi na tumbo tupu. Pombe hajawahi kuonja.

Nesi wa Zamu
Hapo kwenye chakula mmekosea, na si nyie tu, wengi hukosea. Prednisoloni ndiyo ya kula nayo. Abirateroni humezwa na maji, angalau saa mbili baada ya kula, na kisha asile tena mpaka saa moja ipite. Ikikutana na mafuta ya chapati, mwili unaifyonza mara nyingi zaidi. Yaani dozi ni ileile kwenye chupa lakini si ileile kwenye damu.

Swali la tatu hujalijibu.

Mtumishi
Tatizo la kizazi hiki ni kukimbilia mitandao. Mmemwombea mzee? Au mnahesabu vidonge tu?

Mwana wa Lushoto
Tunamwombea kila jioni, mtumishi.

Nesi, kuna unga wa mizizi anakoroga kwenye uji, vijiko viwili. Ni kitu cha asili, hakina kemikali. Aliyeniuzia ameponya watu wengi tu. Na sisemi kwa kusikia: PSA ya mzee, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka kutoka 96 hadi 4.1. Kwa hiyo ule unga siwezi kuuita adui.

Nesi wa Zamu
PSA ya 4.1 ilipimwa lini, na unga ulianza lini?

Mwana wa Lushoto
PSA tarehe za mwanzo za mwezi wa nne. Unga mwisho wa mwezi wa nne.

Fundi Mchundo
Mkuu, isome tena hiyo uliyoandika.

Jicho la Kunguru
Mimi naona chai hapa. Akaunti ina siku mbili. Anakuja na baba mgonjwa, namba zimepangwa vizuri, katikati anapenyeza unga wa mizizi unaoponya. Nimeona nyuzi kama hizi humu. Kesho anatokea mwenzake na namba ya simu, unga shilingi 80,000. Nesi, usipoteze muda.

Mama Wawili
Kweli jamani, mbona hajataja hata hospitali?

Dereva wa Noah
Nesi na mleta mada ni mtu mmoja, nawaambia.

Mwana wa Lushoto
Sina cha kuuza. Nimefungua akaunti kwa sababu nyumbani siwezi kumuuliza mtu, wote wanadhani ninajua ninachofanya. Kopo ni la maziwa ya unga, jina limekwanguliwa kwa kisu, mfuniko umefungwa kwa mpira wa kijani. Liko hapa juu ya friji. Mzee yuko chumba cha pili, namsikia akikohoa. Leo alipoinuka kitandani kwenda msalani alishika ukuta, akaniambia nyumba inazunguka.

Na niseme yote. Majibu nimeyapata siku tisa zilizopita. Siku hiyohiyo nilimsimamishia dawa za hospitali. Niliona ini linaungua, nikaacha zile za kizungu nikabakiza ya asili ili apumzike. Ndivyo baba yeyote angefanyiwa na mwanawe.

Nesi wa Zamu
Ulisimamisha na prednisoloni?

Mwana wa Lushoto
Zote.

Nesi wa Zamu
Mdogo wangu, sikiliza. ALT ikivuka mara tano ya kiwango, daktari mwenyewe husimamisha abirateroni kwanza, akarudisha dozi ndogo ini likitulia. Huko hukuwa mbali sana. Ila prednisoloni haikatwi ghafla. Mwili uliotegemea kidonge kwa miezi mitano hautengenezi homoni yake ya kutosha, presha inaanguka, mtu anazunguka na kushika kuta. Usisubiri kliniki. Mpeleke dharura usiku huu, waambie neno hilo la prednisoloni mlangoni kabla ya salamu. Unga asiguse tena. Beba karatasi, beba chupa, beba na kopo.

Jicho la Kunguru
Kama ni kweli, funga simu uende.

Mwana wa Lushoto
Saa mbili asubuhi. Tuko hospitali. Presha ilikuwa 84 kwa 50. Amewekewa dripu na sindano ya haidrokotisoni kufidia ile homoni, sasa anaongea, ameomba uji mtupu. Wamechukua damu ya homa ya ini B na C, na kesho atapigwa altrasaundi ya ini.

Daktari alifungua kopo akanusa, akamuuliza mzee ni nani alimpa. Mzee akasema amejinunulia mwenyewe mnadani. Hakunitazama.

Fundi Mchundo
Ah, wazee hawa.

Nesi wa Zamu
Mfuate daktari pembeni umwambie ni wewe, na tarehe kamili unga ulipoanza, na vijiko vingapi. Anazihitaji kabla hajaamua kuhusu abirateroni.

Mwana wa Lushoto
Yuko wodi ya pili. Namsubiri hapa mlangoni.