Jamaa wa mbolea ya mabwawani KANINUSISHA TOPE mbele ya wateja!!

Wakuu nina hasira hapa vidole vinatetemeka. Simtaji, wakulima wote wa mchicha huku bondeni mnamjua yeye na pikapu lake. Kaniletea tope la mabwawa ya majitaka, nikamuuliza limekaa muda gani toka litolewe, badala ya kujibu akachota kiganjani akanisogezea puani, PUANI, wateja wanaangalia, "Linanuka? Halinuki. Basi wadudu wamekufa mama."

Tangu lini mayai ya minyoo yakanuka?? Askarisi, yule mnyoo mrefu wa tumboni, jike mmoja anataga kama mayai 200,000 kwa siku, na yai lina ganda gumu, linakaa kwenye udongo miezi hata miaka likisubiri mtoto wa mtu ashike udongo ale bila kunawa. Tope kukauka siyo kufa kwa vilivyomo! Shirika la Afya Duniani toka 2006 linataka lisifike hata yai 1 kwa gramu ya tope kavu, na kwa joto kama letu likae zaidi ya mwaka, au lirundikwe lijipike lenyewe zaidi ya nyuzi 50 kwa zaidi ya wiki. Yeye kipimo chake pua, tena pua yangu! Nikataja salmonela, bakteria wa kuharisha, akacheka, kiganja kikarudi tena puani!! Mvua ikipiga tuta udongo wote unarukia majani, anakula nani kama siyo watoto wenu?

mzee wa tuta: 😂😂 pikapu lisilo na taa? Hilo lilimwaga mzigo mlangoni kwangu, mvua ikauingiza sebuleni

Kijana Bonde: Punguza presha mama, babu zetu walilimia mavi wakazeeka vizuri tu. Hata Marekani wanamwaga mashambani

Mleta uzi: Wanamwaga kwa sheria! Toka 1993 tope lao la daraja B, yaani lililotibiwa ila vimelea hawajaisha, mboga inayogusana na udongo haivunwi mpaka miezi 14 ipite, za chini ya ardhi hadi 38. Mchicha wa wiki tatu unasubiri nini? Na hao wajukuu wa babu zako mbona wanamezeshwa dawa za minyoo shuleni? PUANI jamani

Kijana Bonde: kwahiyo lilinuka au halikunuka 😂

Pilipili Kali: Afadhali nyie. Mimi nimeuziwa samadi ya kuku, nusu gunia maranda

mzee wa tuta: Wa njia panda huyo? Kaniuzia mbegu za nyanya, umeota mnavu mtupu

Pilipili Kali: Mnavu si mboga mkuu, fungu bei gani?