Mashine ya Babu: gumzo la ukoo wetu, Makorora, Tanga

*Jumatano usiku*

Hamadi: Assalaam alaykum wote. Mjomba Shaaban shikamoo, Mama Mdogo shikamoo. Mashine ya Babu ya kunyolea ndevu imegoma. Inachajiwa usiku kucha, taa inaonyesha imejaa, akianza kunyoa inavuma kidogo halafu inazima huku imeng'ang'ania ndevu. Leo imemvuta mpaka machozi yakamtoka.

Mjomba Shaaban: Waalaykum salaam, marahaba. Hiyo ni betri.

Mama Mdogo Mwanaisha: Marahaba mwanangu. Maskini Baba! Sasa kamaliziaje?

Hamadi: Hajamalizia. Shavu la kulia limebaki. Kaagiza wembe dukani, nimekataa kwenda.

Mama Mdogo Mwanaisha: Umefanya vyema sana. Wembe asiushike kabisa. Mwenye sukari akijikata, kidonda hakikauki upesi, na tulivyohangaika na kile cha kidoleni tunakijua wenyewe.

Omari (Muscat): Shikamooni wakubwa. Nitume nyingine? Huku zipo.

Mjomba Shaaban: Marahaba Omari, usitume. Visu vizima, mota nzima, bodi nzima. Tutupe mashine yote kwa ajili ya betri mbili? Na Baba mwenyewe kaizoea.

Hamadi: Nilipita kwa fundi mmoja sokoni leo mchana. Kasema hizi hazifunguki, ninunue mpya.

Mjomba Shaaban: Inafunguka. Ningekuwa Tanga ningekuja sasa hivi, ila niko Pangani mpaka Jumapili na Baba anataka kwenda msikitini Ijumaa akiwa safi. Utaifanya wewe, mimi nitakuelekeza hapa hapa. Una bisibisi?

Hamadi: Ninayo ya nyota.

Mjomba Shaaban: Hiyo haitaingia. Kaazime kwa mafundi simu ile ndogo yenye ncha ya pembe sita. Ukilazimisha ya kawaida utaula mdomo wa skrubu, na hapo ndipo kweli haitafunguka.

Jambo la kwanza: chomoa waya ukutani, uweke chumba kingine kabisa. Mashine kama hiyo, ambayo waya wake hauna kichwa cha chaja, umeme wa volti 230 unaingia mpaka ndani ya kiganja chako. Ikiwa wazi usiichomeke hata kwa kujaribu. Nisikie umeelewa.

Hamadi: Nimeelewa Mjomba. Waya nimempa Mama.

Hamadi: [Picha]
Imefunguka. Skrubu moja ilifichwa chini ya kibandiko, mbili ziko chini ya kichwa cha visu. Kuna raba nyembamba imezunguka ukingo.

Mjomba Shaaban: Maashallah. Raba hiyo iweke kwenye sahani safi, ndiyo inayozuia maji. Piga picha kila upande kabla hujagusa kitu. Sasa geuza betri, soma maandishi.

Hamadi: Ziko mbili, ukubwa wa betri za saa ya ukutani. Imeandikwa Ni-MH, 1.2V. Zimeunganishwa kwa vibati, na vibati vimeshikishwa kwenye bodi kwa risasi ya kulehemu. Ncha moja ina ukungu wa kijani.

Mjomba Shaaban: Ni-MH ni betri ya nikeli, ya kuchajiwa. Kijani ni kutu ya shaba, hewa yetu ya bahari hiyo. Utaisafisha kwa mswaki mkavu na spiriti. Sasa chukua multimeta yangu ya kupimia volti, iko kabatini kwa Mama yako. Pima kila moja mashine ikiwa imezimwa.

Hamadi: Ya kwanza 1.26. Ya pili 1.23. Mbona zote nzima?

Mjomba Shaaban: Ndipo wengi wanapodanganyika. Betri iliyopumzika inaonyesha sura nzuri. Washa mota, kisha pima tena ikiwa inazunguka.

Hamadi: Ya kwanza 1.12. Ya pili imeporomoka, 0.3, halafu mota ikasimama!

Mjomba Shaaban: Umeiona? Ya pili imechoka ndani. Ukinzani wake, yaani ugumu wa kupitisha umeme, umepanda, kwa hiyo ikidaiwa umeme mwingi haina cha kutoa. Na wakati wa kuchaji ukinzani huo huo unapandisha volti haraka, chaja inadhani imejaa, inawasha taa. Babu alikuwa anaonyeshwa taa tupu.

Mama Mdogo Mwanaisha: Basi Kaka, si tubadilishe hiyo moja tu? Nzima ibaki.

Mjomba Shaaban: Hapana dada yangu, na sikatai kwa ubadhirifu. Zimepangwa foleni, umeme ule ule unapita zote. Ikitangulia moja kuisha, mwenzake bado ana nguvu na anaendelea kuusukuma umeme ndani yake kinyumenyume. Chanya inageuka hasi. Betri mpya ukiifunga na kuukuu, kuukuu inakufa upesi zaidi na kurudi tunarudi pale pale. Zinabadilishwa pamoja, aina moja, mAh moja (yaani ujazo wa umeme), siku moja.

Zuhura (Dar): Shikamoo Mjomba. Kesho niko Kariakoo asubuhi, naweza kununua na kuzipandisha basi la mchana. Hapa mtandaoni naziona za lithiamu, ukubwa huo huo, wameandika 3000 mAh. Si ndizo zitakazodumu?

Mjomba Shaaban: Marahaba mwanangu, Mungu akubariki, lakini hizo usizinunue kamwe. Umbo ni hilo hilo, zinaitwa 14500, lakini moja ina volti 3.7. Mbili ni 7.4 kwenye mota iliyozoea 2.4. Utaiunguza siku hiyo hiyo. Na baya zaidi ni kuchaji: lithiamu inataka chaja inayojua kusimama ikifika 4.2, chaja ya nikeli haijui hilo. Inaweza kupasuka na kuwaka moto, tena pembeni ya kitanda cha mzee. Nyumba imejengwa kwa jasho.

Hata hiyo 3000 ni uongo wa kwenye karatasi. Lithiamu ya umbo hilo ya kweli inazunguka kwenye 800 hivi.

Zuhura (Dar): Astaghfirullah. Asante kwa kuniambia.

Mama Mdogo Mwanaisha: Na betri za tochi za dukani?

Mjomba Shaaban: Hizo hazikuumbwa kuchajiwa. Zitavuja, na zikivuja zinakula bodi. Zuhura, waambie hivi: Ni-MH, 1.2V, ukubwa wa AA, mbili za kampuni moja, kati ya 1500 na 2500 mAh, zenye vibati vyake tayari. Waulize wanaotengeneza simu za mezani zisizo na waya na taa za dharura. Zisizo na vibati rudisha.

Hamadi: Vibati si nitalehemu mwenyewe?

Mjomba Shaaban: Kiwandani wanavibana kwa mshtuko mfupi wa umeme, joto halipati nafasi ya kuingia. Wewe ukiweka chuma cha moto kwenye mwili wa betri mpaka risasi ishike, utakuwa umepika kizibo chake na ngozi inayotenganisha chanya na hasi. Joto liishie kwenye kibati.

*Alhamisi jioni*

Zuhura (Dar): Zimeondoka na basi la saa sita. Kondakta ana namba ya Hamadi.

Hamadi: [Picha] Zimefika. 2000 mAh, zina vibati. Nimepima, 1.28 zote mbili.

Mjomba Shaaban: Safi. Kata za zamani, kibati kimoja kimoja, mkasi usishike viwili kwa mpigo utapiga shoti. Bakiza vipande kwenye bodi vikuonyeshe njia. Linganisha na picha ya jana, chanya iko wapi?

Hamadi: Upande wa taa.

Mjomba Shaaban: Iandike kwa kalamu kwenye plastiki. Chuma kikishika moto, pakaza kidogo risasi kwenye kibati na kwenye bodi, kila kimoja peke yake, ndipo uvikutanishe. Sekunde mbili tatu, toa. Risasi ikikaa kama punje ya mtama juu ya kibati haijashika, lazima itandae.

Hamadi: [Picha]

Mjomba Shaaban: Muungo wa kulia umefifia, hauna mng'aro. Rudia kidogo. Mwingine mzuri sana, mkono wako umetulia.

Hamadi: Nimerudia. Nimefunga utepe katikati vibati visigusane. Kuna sponji ndogo ilikuwa chini ya betri, nirudishe?

Mjomba Shaaban: Rudisha, inazuia betri isitikisike, mtikisiko ndio unaokata vibati.

Mama Mdogo Mwanaisha: Na ile raba muipake mafuta ya nazi iteleze.

Mjomba Shaaban: Si nazi wala mafuta ya kujipaka, dada. Ya kujipaka mengi yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, yanavimbisha baadhi ya raba. Ikiwepo grisi ya silikoni, kidogo tu. Isipokuwepo, futa vumbi na unywele wote, ilaze sawa. Unywele mmoja ukilala pale, maji yamepata njia. Hamadi, mpaka niikague mwenyewe Jumapili, Babu asinyolee bafuni.

Hamadi: Imefungwa. Imewaka! Sauti yake imebadilika kabisa, Babu kaisikia toka barazani kauliza nani kaleta mpya.

Omari (Muscat): Allahu Akbar! Hamadi hongera sana ndugu yangu.

Mjomba Shaaban: Hongera mwanangu. Sasa ichaji mpaka ijae kabla hajaitumia. Mara za mwanzo mwanzo haitadumu sana, betri za nikeli zinahitaji kujaa na kuisha kidogo ndipo zichangamke, msivunjike moyo.

Hamadi: Za zamani nizitupe jalalani?

Mjomba Shaaban: Hapana. Vijana wanachoma lile jalala, na betri ikiingia motoni inapasuka. Funga ncha kwa utepe, ziweke kwenye kopo, watoto wasizifikie. Nitazichukua pamoja na zangu. Kama ungekuta Ni-Cd, hiyo ina kadmiamu, sumu kabisa, mashine nyingi za miaka ya 90 zilikuwa nayo.

*Ijumaa*

Hamadi: [Picha] Babu kabla ya kutoka. Mashavu yote mawili 😊

Mama Mdogo Mwanaisha: Maashallah tabarakallah! Baba kawa kijana. Hakuna hata mkwaruzo.

Hamadi: Anasema atawaombea dua leo Mjomba na Zuhura, na Kaka Omari asitume kitu, atume picha za wajukuu.

Omari (Muscat): Jioni hii hii. Mjomba, yangu mimi ni ya lithiamu, betri moja, nayo imeanza kuzima njiani. Njia ni hiyo hiyo?

Mjomba Shaaban: Kuifungua ndiyo, betri siyo. Usiifungue kwanza. Nitumie picha ya maandishi ya nyuma, na kama ukiibonyeza ubavuni unahisi imevimba, acha kuichaji leo hii.