Gumzo la familia: Kompyuta ya Bombo inagonga

*Hawa (Kampala):* Asalaam aleikum nyote. Mama kanipigia, kompyuta ya nyumbani inatoa sauti za ajabu. Rashidi, upo?

*Rashidi (Jinja):* Waaleikum salaam. Nipo. Shikamoo Shangazi. Ni sauti gani, na inatoka wakati gani?

*Mama:* Marahaba mwanangu. Ziko tatu. Asubuhi nikiwasha inanguruma. Stima ikikatika, pii pii. Na hii ya juzi: tak tak tak, inanyamaza, tak tak tena. Hiyo ndiyo inanitia hofu, maana kompyuta nzima inasimama.

*Mjomba Juma (Arua):* Vumbi hilo dada. Marram ya Bombo! Ipulizeni tu.

*Rashidi:* Mngurumo unaweza kuwa vumbi, Mjomba. Pii pii ni UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta stima ikikatika, inaarifu kwamba sasa inatumia betri yake. Shangazi hifadhi kazi yako uzime, hapo hakuna ugonjwa. Tak tak ni jambo jingine. Amina, nirekodie.

*Amina (Bombo):* [ujumbe wa sauti]

*Rashidi:* Nimesikia. Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kasha. Kunja gazeti liwe kama bomba. Kisha rudisha waya, washa, weka ncha moja sikioni, nyingine elekeza huku na huku bila kugusa kitu ndani.

*Amina:* Kaka, mngurumo uko nyuma kwenye feni. Kuna waya mwembamba unagusa mabawa yake. Tak tak iko mbele chini, kwenye kisanduku bapa cha chuma.

*Rashidi:* Hiyo ni diski, ndimo zinamokaa faili zenu zote. Zima kwanza.

*Rashidi:* Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kuzigusa. Kikishindwa kujua kiko wapi kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Ndiyo tak tak mnayoisikia. Na mashine inaganda kwa sababu inangoja jibu kutoka huko. Shangazi, mna nini humo?

*Mama:* Daftari la akiba la akina mama. Orodha ya watoto wa madrasa. Na picha za baba yao.

*Hawa:* Picha za Baba hazipo kwingine popote. Rashidi tafadhali.

*Mjomba Juma:* Nilisikia diski ikiwekwa kwenye friza inapona.

*Rashidi:* Hapana Mjomba, nakuomba. Ikitoka kwenye baridi, unyevu unatua ndani na unaweza kuimaliza kabisa. Wala tusiigonge, wala mtu asiifungue.

*Hawa:* Tukiweka Windows upya?

*Rashidi:* Utaandika juu ya hizo hizo picha. Hata ile programu ya kukagua makosa ya diski tusiiguse sasa, itaichosha bure. Nguvu iliyobaki ni ya kunakili tu.

*Rashidi:* Amina, washa, chomeka flashi. Anza na daftari na orodha, ni faili ndogo. Halafu picha za Baba, folda moja moja. Ikikwama kwenye picha fulani, iruke uendelee. Filamu ziache. Diski isipoonekana kabisa, zima, usiwashe tena na tena. Tutatafuta mtu mwenye vifaa vya kuokoa data.

*Mama:* Nimekaa naye hapa.

*Amina:* Daftari limeingia. Orodha pia.

*Amina:* Folda ya Baba imekwama kwenye picha mbili, nimeziruka. Nyingine zote zimeingia!

*Hawa:* Alhamdulillahi 😭 Zitume hapa.

*Rashidi:* Zitume kama dokumenti, la sivyo zinapunguzwa ubora. Na Hawa aweke nakala Kampala. Flashi moja ndani ya nyumba hiyo hiyo haitoshi, inapotea upesi.

*Mama:* Sasa diski imekufa?

*Rashidi:* Huenda haijafa. Waya uliolegea, au pawa saplai iliyochoka, ile ya nyuma inapoingia stima, hufanya diski igonge vivyo hivyo kwa kukosa umeme wa kutosha. Jumamosi nitajaribu waya mwingine. Lakini hata ikinyamaza, daftari la akina mama sitaliweka juu yake tena. Ningependa tununue SSD, diski ya aina nyingine. Haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo haigongi na inafungua haraka. Ila nayo hufa, tena mara nyingi bila sauti ya kukuonya, hivyo kunakili kunaendelea kila wiki.

*Mjomba Juma:* Inunueni tu. Nitachangia nusu.

*Mama:* Allah akubariki kaka yangu. Na feni je?

*Rashidi:* Hiyo ni ndogo. Amina, kompyuta ikiwa imechomolewa, funga ule waya pembeni usiguse mabawa. Pangusa vumbi kwa brashi kavu huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Usifungue pawa saplai. Inabaki na umeme ndani hata ikichomolewa.

*Amina:* Sawa kaka. Nimezima, nimechomoa.

*Rashidi:* Isiwashwe mpaka nifike. Picha mbili zilizobaki nitazijaribu mwenyewe kwa kompyuta nyingine.

*Hawa:* Mojawapo ni ile ya Eid, Baba amevaa kanzu mpya?

*Amina:* Ndiyo, na nyingine inaitwa “Arua”.

*Mjomba Juma:* Hiyo ya Arua niliipiga mimi kwa simu yangu ya zamani. Ngoja nitafute kadi yake.