Roma: gesti ya karibu na Termini imemtesa mama yangu, kisha ikashikilia pasipoti zetu

Wakuu, tumerudi Roma kutoka hija ya Jubilei ya 2025, ule mwaka mtakatifu wa Wakatoliki, na bado donge limenikaa kooni.

Mama yangu ni mtu mzima, magoti yanamsumbua. Tulichukua gesti ya bei ya chini mtaa wa Esquilino, kati ya stesheni ya Termini na Kanisa Kuu la Bikira Maria Mkuu, kwa sababu mama alitaka kupita Mlango Mtakatifu pale, ule unaofunguliwa mwaka wa Jubilei, na kusali kwenye kaburi la Papa Fransisko, aliyezikwa humo Aprili 2025, bila kuhangaika na mabasi. Tangazo lilisema lifti ipo. Tumefika usiku, lifti mbovu, na karatasi ya kusema ni mbovu imebandikwa kwa selotepu iliyokwisha kugeuka njano. Yaani siyo jana wala juzi! Mama alipanda mpaka ghorofa ya nne akishika ukuta, anapumzika kila kona ya ngazi, na yule jamaa wa mapokezi kasimama juu anatuhimiza, eti ikipita saa mbili usiku tunalipa euro 20 za kuchelewa. Begi hakugusa.

Tukalipishwa hizo 20. Halafu akaja na kodi ya jiji: euro 10 kwa kila mtu kwa usiku, taslimu, risiti hakuna. Wakuu, kodi hiyo ipo kisheria, sikatai, lakini pale Roma euro 10 ni kiwango cha hoteli ya nyota 5. Gesti haifiki huko. Nilipomwambia hivyo akaziweka pasipoti zetu kwenye droo akafunga, akasema tutazipata tukimaliza kulipa. Sheria ya Italia inamtaka apeleke taarifa za mgeni polisi ndani ya saa 24. Anaandika, anakurudishia kitabu chako. Kugeuza pasipoti ya mtu kuwa dhamana ni unyanyasaji, basi.

Nililipa. Ningefanya nini usiku ule na mama amekaa kwenye kiti cha plastiki anatetemeka? Maana hata chumba kilikuwa cha baridi, rimoti ya kipasha joto inakaa mapokezi na inakodishwa euro 5 kwa usiku.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hawa watu wanajua tumebanwa. Mtu wa Ujerumani akikasirika anabeba begi anahamia jengo la pili. Sisi viza ya Schengen inadai uthibitisho wa malazi, kwa hiyo unalipia mapema, na ada ya viza peke yake ni euro 90 tangu Juni 2024. Fedha yote imeshaingia mfukoni kwao kabla hujapanda ndege, na hairudishwi. Wanakutazama pasipoti wanajua huna pa kwenda.

Nimeshawaandikia wale wa tovuti tuliyopitia, nikaambatanisha picha za lifti na za ile selotepu. Wamejibu kuwa kodi ni suala la mwenye nyumba. Na lifti je? Na pasipoti? Kimya.

Sasa naomba mlioko Roma mnisaidie. Malalamiko ya kodi kutozwa bila risiti yanapelekwa manispaa au polisi? Na wanaojua nyumba za masista zinazopokea mahujaji, zenye lifti inayofanya kazi, waziweke hapa. Shangazi yangu anajiandaa kwenda, na magoti yake ni yale yale.