Binti yangu wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hana rafiki shuleni. Tumetoka Bukavu, Kongo. Nifanye nini?

Mama Furaha, Kayole

Wazazi wenzangu, habari za usiku. Naandika saa hizi kwa sababu ndipo cherehani imenyamaza na watoto wamelala.

Bukavu tuliondoka Februari 2025, siku zile waasi wa M23 walipoingia mjini. Tukakaa Burundi kwanza, na Nairobi tumefika mwaka huu mwezi wa 4. Tumepanga chumba Kayole, si mbali na Masimba, nami nashona vitenge hapo mlangoni. Kitinda mimba wangu, hapa nitamwita Furaha, ana miaka 4. Mwezi wa 5 alianza PP1 katika shule ndogo ya mtaani. Wenzake walikuwa pamoja tangu Januari, kila mmoja ana wake wa kushikana mikono kwenye foleni.

Jumatatu nilimpelekea sweta aliyosahau. Ilikuwa saa nne, watoto wako nje. Ua wa shule ni wa mabati na yana matundu, nikasimama nikachungulia. Wasichana watatu walikuwa wanacheza kalongo karibu na tangi la maji, wanapika mchanga kwenye makopo. Furaha alikuwa amechuchumaa hatua mbili pembeni, ana kifuniko cha ndoo ya rangi. Anajaza mchanga, anaupiga kwa kiganja, anaugeuza vile mimi nageuza bugali. Wao wakikoroga, naye anakoroga. Kisha wale watatu wakahamia chini ya dirisha. Yeye akangoja kidogo, akamwaga mchanga wake, akabeba kifuniko, akaenda kuchuchumaa tena hatua mbili pembeni. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna hata aliyegeuza shingo.

Kengele ilipolia niliona kwamba hakai na wenzake mezani. Amewekewa kiti chake peke yake ubavuni mwa meza ya ticha. Nilipouliza, ticha akasema kwa upole kabisa kwamba mtoto hajui Kiswahili, ndiyo maana amemweka karibu amsaidie. Mtoto huyu amezaliwa ndani ya Kiswahili! Ila ni Kiswahili chetu cha Bukavu. Wiki ya kwanza alisema anataka kwenda "ku musalani", darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo anabana mkojo mpaka nimfuate saa sita. Mara mbili amefika langoni sketi imelowa.

Usiku mmoja akaniuliza: "Mama, banasema niko Mukongomani. Mukongomani ni nini?"

Mume wangu anasema tuache Mashi, lugha yetu ya kikabila, na Kiswahili chetu humu ndani, tuongee kama watu wa hapa ili asichekwe. Lakini kila Jumapili mtoto anaongea na nyanya yake kwa simu, na nyanya hajui kingine ila Mashi. Mimi nafikiria kumhamisha shule, ingawa karo ya muhula nimeshalipa. Waliopita njia hii, mlifanyaje?

Ticha wa PP2, Umoja

Pole sana, Mama Furaha. Nimefundisha nasari miaka 11 na nimepokea watoto wa Wakongomani, Warundi na Wasudan Kusini. Niseme wazi: ulichokiona kule nje hakijanitisha. Kilichonitisha ni kile kiti.

Mtoto anayecheza kandokando ya wenzake, akiiga wanachofanya, yuko njiani kuingia. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mildred Parten, aliliandika jambo hili mwaka 1932 baada ya kukaa na watoto wa chekechea akiwatazama tu: kuna kucheza peke yako, kuna kutazama wengine, kuna kucheza sambamba bila kuchanganyika, ndipo unafika mchezo wa kushirikiana. Mtoto wa miaka 4 huenda mbele na kurudi nyuma humo humo, na mgeni huanzia mbali zaidi. Furaha kuhama na wale wasichana mpaka chini ya dirisha ni habari njema. Angekaa palepale kwenye tangi, hapo ningekuwa na wasiwasi.

Na asipoongea usimlazimishe. Mtoto aliyeingia katika lugha ngeni anaweza kunyamaza wiki nyingi, hata miezi, huku masikio yanafanya kazi. Nilikuwa na kijana kutoka Juba ambaye muhula mzima sikusikia sauti yake. Neno lake la kwanza darasani lilikuwa "Rudisha!", kwa mwenzake aliyemnyang'anya krayoni. Nilifurahi kama nimepandishwa cheo.

Sasa kiti. Watoto wadogo hawachagui rafiki kama sisi. Rafiki ni yule ninayekaa naye, tunayegombania naye mkebe mmoja wa krayoni. Ukimtenga mtoto, hata kwa nia nzuri, umemnyima hilo, na wenzake wanaelewa kwamba huyu ni wa ticha, si wetu. Nenda ukaongee na mwalimu mkiwa wawili tu, usimlaumu, ana darasa kubwa na anajaribu. Mwombe mambo haya: amrudishe mezani, amkalishe na mtoto mmoja mtulivu anayependa kalongo, na awape kazi ya watu wawili. Mimi huwapa kikapu cha vikombe, kila mtoto anashika mkono mmoja wa kikapu. Hawahitaji maneno kukifikisha, lakini lazima waende mwendo mmoja.

Kuhusu choo, mwambie ticha leo leo, asingoje mpaka mtoto augue. Na mwambie hivi: "msalani" ni Kiswahili sanifu, kimo kwenye kamusi. Mimi ningelitumia mbele ya darasa: "Nani anataka kwenda msalani?" Likitoka kinywani mwa ticha halichekeshi tena.

Jambo dogo la chakula. Kituo chetu ni cha umma, na tangu mpango wa chakula wa kaunti uanze mwaka 2023 watoto wote wanakula kitu kimoja, mzazi analipa shilingi 5 kwa siku. Kabla ya hapo saa ya kufungua mikebe ndiyo ilikuwa saa ya maswali: mbona ugali wako una rangi hiyo, mbona unanuka hivi. Kwenu kama kila mtoto anabeba chake, ujue huenda Furaha anaulizwa na hakwambii.

Lugha ya nyumbani msiiache. Ya Nairobi ataletewa na watoto wenyewe, bure, na mapema kuliko unavyodhani.

Mrundi wa Kawangware

Mama Furaha, nimesoma mara mbili. Mimi nilikuwa huyo mtoto wa pembeni.

Nililetwa Nairobi mwaka 1994 nina miaka 5, mwaka mmoja baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa. Sikujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Nilichokuwa nacho ni bano mbili, zile gololi za kuchezea, moja ya kijani na moja yenye ufa. Kijana wa ploti yetu akaiona ile ya kijani. Alichora duara chini kwa kidole, akaninyooshea mkono nianze. Tulicheza siku nyingi bila neno lolote isipokuwa hesabu: moja, mbili, tatu. Mpaka leo nikihesabu haraka nasikia sauti yake.

Baba alinihamisha shule mara tatu akitafuta mahali nitakapopendwa. Kila nilipoanza kuzoeleka tukahama, nikarudi kuwa mgeni. Kama hakuna anayempiga wala kumtukana, mwache hapo hapo. Tafuta mtoto mmoja wa ploti yenu aliye shule hiyo hiyo, watembee pamoja asubuhi. Mmoja anatosha kabisa.

Na mwambie mzee wa nyumba, kwa heshima: wazazi wangu waliacha Kirundi ili tusichekwe. Nyanya alipokuja kututembelea nilikuwa na miaka 14. Nilimwambia "amahoro", akanijibu kwa maneno mengi sana akiwa ameshika uso wangu kwa mikono miwili. Sikuelewa hata moja. Alirudi, na hatukuonana tena.

Mama Boy, Donholm

Mimi ni wa upande ule mwingine. Mwaka jana nilimuuliza kijana wangu anacheza na nani, akasema kuna mmoja ametoka Eritrea, "huyo hatuchezi naye, haongei". Niliumia, maana sauti aliyotumia ni ya kwangu. Mezani kwetu tulikuwa tunasema "wale wakimbizi" na yeye yupo anakula.

Nilimngoja mamake yule mtoto langoni siku tatu kabla sijapata ujasiri wa kumsalimia. Usitungoje sisi, dada. Wengi wetu hatuna ubaya, tunaona haya tu. Salimia wewe kwanza.

Mama Furaha, Kayole

Wiki mbili zimepita, narudi kama nilivyoahidi moyoni. Asanteni nyote. Mrundi, mume wangu alisoma maneno yako, akarudisha simu mezani bila kusema kitu. Jumapili yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu Bukavu.

Ticha alinisikiliza. Hakupenda mwanzoni, lakini nilipomweleza habari ya sketi alishika mdomo. Kiti kimeondoka, na Furaha anakaa na binti wa mama mboga wetu, ambaye kumbe ni mmoja wa wale watatu wa tangi la maji. Nanunua sukuma kwa mamake kila siku na sikujua!

Jumamosi mama mboga alimwacha binti kwangu akimbilie soko la Wakulima. Mimi nakata nguo, vipande vinaanguka chini. Mtoto akaokota kimoja cha njano chenye ndege, akakizungushia gunzi la mahindi, likawa mtoto. Furaha akamtazama. Akaenda kwenye sufuria, akachukua gunzi lingine, akaja kukaa. Safari hii hazikuwa hatua mbili, magoti yao yaligusana. Sikuinua kichwa, niliendelea kukanyaga cherehani ingawa sindano ilikuwa haina uzi.

Tangu Jumanne anarudi mkavu. Na jana jioni mama mboga ameniuliza, "Mama Furaha, huyu wangu siku hizi akibanwa anasema anaenda ku musalani. Ni wewe umemfundisha?"

Wale wasichana wawili wengine bado hawamwiti. Usiku huu amechagua vipande vitatu vya kitenge, amevikunja, ameviweka ndani ya begi lake la shule.